Pampu ya sola: Nani huiambia iamke?

Bila shaka umewahi kuona paani kwa jirani tangi lililolala juu ya paneli nyeusi ya kupasha maji kwa jua. Hapo hakuna pampu. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tangini, nayo ya baridi hushuka kwenye paneli. Ikiwa paa lako laweza kuhimili uzito huo (lita 200 za maji ni kilo 200, tangi lenyewe hatujalihesabu), usishawishiwe kununua zaidi.

Taabu huanza tangi linapowekwa chini, ndani ya nyumba. Maji ya moto hayashuki kwa hiari, sharti yasukumwe. Lakini yasukumwe saa ngapi? Pampu ikizunguka usiku, itayapeleka maji yako ya moto paani yakapoe kwa baridi ya Limuru. Asubuhi utaoga maji baridi, na stima umelipia.

Ndiyo maana hufungwa kidhibiti, kisanduku cha ukutani chenye vipima joto viwili, kimoja juu kwenye paneli na kingine chini ya tangi. Hakiangalii saa, hulinganisha tu. Joto la paneli likizidi la tangi kwa nyuzi 8 hivi, pampu huwashwa. Tofauti ikishuka hadi nyuzi 3 au 4, huzimwa. Pengo hilo ni la makusudi, ama sivyo pampu ingewaka na kuzimika kila mara hadi ichakae.

Kuna kasoro ambayo muuzaji huenda asikutajie. Stima ikipotea saa saba mchana, jua halipotei. Pampu husimama, maji yaliyo kwenye paneli huchemka, na valvu ya usalama ikiwa mbovu, mabomba yaweza kupasuka.

Kwa mtaa ambao stima hupotea ovyo, afadhali pampu ndogo inayoendeshwa na paneli yake ya umeme wa jua, ya wati 10 au 20 hivi. Jua likiwaka sana huenda kasi, wingu likipita hupunguza mwendo, usiku hulala. Udhaifu wake ni kwamba asubuhi yaweza kuanza kuzunguka kabla paneli ya maji haijapata moto, kwa hivyo wengine huiongezea kidhibiti.

Vyovyote utakavyochagua, dai valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Tangi likiwa chini, maji ya moto hupanda paani usiku hata pampu ikiwa imezimwa. Fundi akikuambia haina haja, tafuta mwingine.