Kisukari na Kano ya Kisigino

Anayetoka mjini Arusha kwa miguu kwenda Ng'iresi, katika miteremko ya Mlima Meru, hukunja vifundo vya miguu yake maelfu ya mara. Mkunjo huo hutegemea kano ya kisigino, yaani kamba imara inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Kano hiyo ni miongoni mwa viungo ambavyo ugonjwa wa kisukari huvidhuru kimyakimya.

Kano imefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambayo hudumu mwilini miaka mingi bila kufanywa upya. Sukari ya damu inapozidi kwa muda mrefu, glukosi hunatana na nyuzi hizo bila msaada wa kimeng'enya chochote. Baadaye hutokea vifungo vya kikemia vinavyozishikamanisha nyuzi zilizo jirani. Nyuzi zilizokuwa zikiteleza hukwama. Kano hunenepa na kukakamaa.

Kifundo kisipokunjika vya kutosha, kisigino huinuka mapema, na uzito wa mwili huangukia sehemu ya mbele ya wayo, nyuma ya vidole. Wakati huohuo kisukari huua neva za miguu, hata mgonjwa asisikie maumivu. Basi huendelea kutembea juu ya sugu mpaka ngozi ipasuke. Kidonda hicho kikioza, mguu huweza kukatwa.

Uhusiano huo ulidhihirika mwaka 2003 huko St. Louis, Marekani. Wagonjwa wenye vidonda vya wayo waligawanywa makundi mawili: wote walifungwa plasta, lakini kundi moja lilirefushwa pia kano kwa upasuaji. Baada ya miezi saba vidonda vilikuwa vimerudi kwa asilimia 59 ya waliofungwa plasta tu, na kwa asilimia 15 tu ya waliorefushwa kano.

Hapa Tanzania jambo hili si dogo. Uchunguzi wa vijijini uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia mmoja kwa mia. Ule wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 kwa mia kati ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Kinga ni kudhibiti sukari, kutotembea pekupeku, kuvaa viatu visivyobana, na kukagua nyayo kila jioni, hata kwa kutumia kioo. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe hospitali mara moja.

Jaribio: Mwanafunzi akabili ukuta, ncha ya kiatu ikiwa umbali wa vidole vinne kutoka ukutani. Ajaribu kuugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Hapo ataona kazi ya kano hiyo.