Noti kuukuu: Si kila ya zamani ina thamani

WAKAZI wa Lodwar na Kakuma waliohifadhi noti kuukuu masandukuni wanafaa kuzichunguza kwa makini kabla ya kuziuza au kuzitupa, kwani umri pekee hauipi noti thamani.

Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza Septemba 14, 1966. Zilikuwa za Sh5, Sh10, Sh20, Sh50 na Sh100, zote zikiwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Awali zilitumika noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919.

Anayetaka kutambua noti huanza kwa kusoma tarehe na sahihi ya gavana. Leon Baranski aliongoza benki hiyo hadi 1967, kisha Duncan Ndegwa hadi 1982. Picha ya Daniel arap Moi ilianza kuonekana 1980.

Bei hutegemea uadimu na hali ya noti. Sh50 ya miaka ya sitini husakwa sana kwa sababu noti ya kiwango hicho iliachwa, ikarejea 1990. Isiyo na mkunjo huuzwa ghali kuliko iliyochakaa au kuliwa na mchwa. Kuiosha, kuipiga pasi au kuibandika gundi huishusha bei.

Hatari kubwa iko kwenye Sh1,000 ya zamani, iliyokoma kuwa pesa halali Septemba 30, 2019. Takriban noti milioni 7.4 hazikurejeshwa, hivyo si pesa tena wala si adimu. Mfugaji anayeipokea kama malipo ya mbuzi amepoteza mbuzi wake bure.

Hata hivyo, noti za zamani za Sh50, Sh100, Sh200 na Sh500 hazikufutwa katika hatua hiyo. Asidanganywe mtu kuziuza kwa bei ya kutupa.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992, noti za mataifa jirani pia zaweza kupatikana. Za Zaire zenye picha ya Mobutu zilipoteza nafasi yake faranga ya Kongo ilipoanzishwa 1998. Nyingi zilichapishwa wakati wa mfumuko wa bei, kwa hivyo wingi wa sufuri haumaanishi utajiri.

Mwenye noti alinganishe bei zilizolipwa minadani, si zile zinazotajwa na wauzaji. Naye mnunuzi anayeahidi mamilioni huku akidai ada kwanza aepukwe.