Chukudu, Farasi wa Mbao wa Goma

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachobeba mizigo mjini Goma na katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hakina kiti, pedali wala mnyororo. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, akasukuma ardhi kwa mguu wa pili, huku mikono yake ikishika usukani mpana unaogeuza gurudumu la mbele. Viazi, kabichi, makaa, kuni, simenti, mbao za kujengea, bidoni za maji: ni vichache vinavyotumika katika nyumba za Goma ambavyo havijawahi kupita juu ya chukudu.

Kwa umbo, chukudu inafanana zaidi na baiskeli ya kwanza duniani kuliko na baiskeli ya dukani ya leo. Mwaka 1817, Karl Drais alipanda mjini Mannheim, Ujerumani, chombo cha mbao cha magurudumu mawili alichokisukuma kwa miguu. Pedali zilikuja miaka mingi baadaye. Drais alitaka kumbeba mtu. Mafundi wa Kivu walitaka kubeba gunia, na haja hiyo ndiyo iliyoamua vipimo vyote. Chukudu zilianza kuonekana miaka ya 1970, zama za Rais Mobutu, wakati uchumi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa, ulipokuwa ukididimia na mkulima mdogo akiwa hana uwezo wa kukodi lori. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, vyombo vya jinsi hiyo vipo pia. Lakini ni Goma iliyomjengea mwendeshaji sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, kwenye mzunguko wa barabara unaoitwa Rond-point Chukudu. Miji mingi huwawekea sanamu majenerali na marais. Goma imemweka juu mbeba mizigo, na imefanya haki.

Fundi wa chukudu hutumia hasa mti mgumu uitwao mumba pamoja na mkaratusi, ambao hupandwa kwa wingi vilimani. Kiunzi cha chombo cha kawaida hufikia urefu wa kama mita 2. Magurudumu huchongwa kwa mbao, kisha huvishwa ukanda wa tairi kuukuu la gari ili yasipasuke haraka na yapate kushika njia. Baadhi ya chukudu huongezewa springi mbele za kupunguza mitikisiko, na vipande vya mpira nyuma vya kuzuia matope. Pale goti linapokaa, mwendeshaji huweka mto mdogo. Kazi yote humchukua fundi siku moja hadi tatu, na chombo kikitunzwa hudumu miaka miwili au mitatu. Kikivunjika njiani, mwenyewe anaweza kukitengeneza kwa panga, nyundo na misumari, jambo ambalo baiskeli ya chuma hairuhusu kirahisi. Hakuna spoki ya kupinda wala tyubu ya kupasuka, na hakuna kipuri cha kuagiza kutoka mbali.

Uimara huo unahitajika kwa sababu ya uzito. Chukudu ya kawaida hubeba hata kilo 400, na zile kubwa huzidi hapo. Baiskeli ya dukani ikipakiwa robo tu ya mzigo huo inakuwa ngumu kuiongoza, kwa kuwa mzigo unakaa juu, nyuma ya kiti, na kuyumba kidogo tu kunatosha kuiangusha. Kwenye chukudu magunia hulazwa kati ya magurudumu mawili, karibu na ardhi. Bidoni ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mtu anayechota maji Ziwa Kivu hupanga bidoni nyingi kwa safari moja na kuzipeleka kwenye mitaa ambako bomba halitoi maji.

Hata hivyo ubunifu wa mafundi usingefika mbali kama nchi yenyewe isingekuwa na mteremko. Goma iko kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake umesimama mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye mita karibu 3,470. Pembeni mwa mlima huo, kwenye barabara ya Rutshuru, udongo wa majivu ya volkano una rutuba nyingi, na wakulima wa Kibumba huvuna kabichi, viazi, vitunguu na maharage. Kwa hiyo chakula kiko juu na walaji wako chini. Chukudu hushuka na mzigo na kupanda ikiwa tupu, na kazi kubwa ya usafirishaji hufanywa na mlima wenyewe, bila tone la mafuta.

Hapo ndipo ilipo raha ya kazi hii, na ni raha ya kweli. Alfajiri, chukudu hushuka kwa misafara kutoka Kibumba kuelekea masoko ya mjini, mwendeshaji akiwa amesimama au amepiga goti nyuma ya magunia, upepo wa baridi ukimpiga usoni. Kila anayeendesha baiskeli anaijua furaha ya kushuka bila kukanyaga. Kwa mwendeshaji wa chukudu furaha hiyo ina faida ndani yake, kwa sababu kila mita inayoteremka ni mita ambayo hakuisukuma. Kijana asiye na cheti cha shule anaweza kuanzia kwenye chombo cha kukodi, akaweka akiba, akanunua chake, na akawa mtu anayelisha nyumba. Watoto wa mitaani hujitengenezea chukudu ndogo za kuchezea, wakajifunza mapema kugeuza usukani na kupima mwendo kwenye miteremko ya mtaa.

Mteremko huohuo ndio hatari kubwa kuliko zote. Breki ya chukudu kwa kawaida ni kipande cha mpira wa tairi kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Nishati ambayo breki inapaswa kuimeza hukua pamoja na uzito, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati hiyo huongezeka mara nne. Mwendeshaji aliyebeba kilo 400 ana nishati ya kuzuia mara tano au zaidi ya ile ya mtu aliye peke yake juu ya baiskeli kwa mwendo uleule. Mvua ikinyesha, mpira huteleza juu ya mpira. Ndiyo maana mwenye uzoefu huanza kufunga breki mapema, kabla ya kona, na asiye na uzoefu hujifunza kwa maumivu. Tena barabara hiyo hiyo hutumiwa na malori, mabasi madogo na pikipiki za abiria, na hakuna kipande kilichotengwa kwa ajili ya wanaosukuma.

Mjini kwenyewe kazi hubadilika sura. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa mizima. Mji ulijengwa upya juu ya mwamba huo, na katika mitaa mingi njia bado ni mawe meusi yenye ncha, yanayokula tairi na kuvunja mbao. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Lava ikaikata barabara ya Rutshuru na kusimama pembezoni mwa mji, karibu na Buhene. Kwenye vilima vidogo vya mjini mtu mmoja hawezi kupandisha mzigo mzito peke yake. Hapo huhitajika wasukumaji, mara nyingi vijana wanaosubiri kibarua chini ya kilima, na malipo yao hupunguza kile kinachobaki mfukoni mwa mwenye chukudu. Jioni huja na uchungu wa goti lililokaa juu ya ubao siku nzima, na wa mgongo uliosukuma.

Halafu kuna vita, ambayo imeigusa kazi hii kuliko mlima. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, vingi vikitoza wapita njia. Chukudu haina namna ya kuvikwepa: ni nzito, ni ya polepole, na mzigo wake unaonekana. Kibumba yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa 2022, kabla ya kukabidhiwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Desemba, na njia ya mboga ikawa njia ya wakimbizi. Magodoro, sufuria na wazee wasioweza kutembea walipandishwa mahali pa viazi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na uwanja wa ndege na mabenki yakafungwa.

Makaa nayo huleta swali gumu. Sehemu kubwa ya makaa yanayopikiwa Goma hutokana na miti inayokatwa kinyume cha sheria katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwendeshaji wa chukudu ni kiungo cha mwisho na maskini zaidi katika biashara hiyo, na kumkamata yeye hakupunguzi ukataji wa miti maadamu familia za mjini hazina nishati nyingine ya kupikia.

Kwa sasa mshindani mkuu wa chukudu ni pikipiki ya magurudumu matatu, inayobeba mzigo mzito na kupanda kilima bila wasukumaji. Imechukua kazi nyingi kwenye barabara za lami. Lakini inahitaji mafuta na vipuri, na bei yake haifikiwi na kijana anayeanza maisha. Kwenye njia za mawe, kwenye safari fupi za kutoka bohari hadi dukani, na popote mzigo unaposhuka kuelekea ziwani, chukudu bado inapata wateja.