Vifundo Vyeusi Si Mkorogo Tu (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mbalanga, ngozi inapopoteza rangi. Leo ni kinyume chake: weusi ambao mwenyewe hakuuomba.

Mtaani, mtu akionekana ana vifundo vya vidole vyeusi kuliko mkono wenyewe, hukumu hutoka papo hapo: huyo anajichubua. Mara nyingi hawakosei. Lakini wapo ambao hawajawahi kufungua kopo la krimu, na weusi wao umeanzia tumboni.

Mtazame mmoja wao kwa karibu. Mistari ya viganja imekolea kama iliyopitishwa wino. Mwambie atoe ulimi: ni mwekundu, laini, unang'aa, vile vipele vyake vidogo vimefutika, na pilipili aliyoizoea sasa inamuunguza. Pembe za mdomo zimechanika. Ukimuuliza kuhusu miguu, atakwambia inakufa ganzi.

Ndani ya mfuko wa chakula mna seli zinazotoa asidi pamoja na protini inayoishika vitamini B12 ili ifyonzwe mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kinga ya mwili ikizidhania seli hizo ni adui, huzishambulia, na protini hiyo huadimika. Ule maini, ule samaki, sehemu kubwa ya vitamini itapita tu. Dalili hizo za upungufu wake huchelewa kwa sababu ini lina akiba ya miaka kadhaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari William Castle wa Boston alikula nyama ya ng'ombe, akaitapika baada ya muda, kisha akawapa wagonjwa walioishiwa damu kwa tatizo hili kupitia mpira wa kupitishia chakula. Damu yao ikapanda. Waliopewa nyama ambayo haikupita tumboni mwa mtu mzima wa afya hawakupata nafuu hiyo. (Leo nani angemruhusu?)

Mbalanga nayo huletwa na kinga iliyopotea njia, ndiyo maana mwenye mabaka meupe ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata ugonjwa huu wa tumbo.

Kinachonitia hofu ni vidonge vya foliki vinavyomezwa kiholela kwa jina la "kuongeza damu". Damu inaweza kupanda kweli, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Pima B12 kwanza. Ikiwa imepungua, tiba ya kawaida ni sindano, na kwa mwenye tumbo hili huendelea maisha yote. Weusi wa vifundo hufifia ndani ya miezi. Ganzi iliyokaa muda mrefu si lazima iondoke.

(Itaendelea)