Waganga wageni na wenye nyumba: kazi ya hospitali za misheni wakati wa vurugu



Tunapohubiri mfano wa Msamaria mwema katika Luka 10, sifa zote tunampa Msamaria, na anazistahili. Lakini yeye alilala pale usiku mmoja tu. Kesho yake alitoa dinari mbili, akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi, akashika njia. Ni nani aliyebadilisha vitambaa vya majeraha siku ya tatu? Ni nani aliyechota maji, aliyepika uji, aliyeamka usiku mgonjwa alipolia? Ni mwenye nyumba ya wageni, mtu ambaye hata jina lake hatukuambiwa.

Mtu huyo anatusaidia kueleza kazi ambayo makanisa yetu ya mashariki yameiona kwa karibu miaka mia moja: kazi ya waganga wanaotoka nchi za mbali kuja kutibu wagonjwa wetu kwa ajili ya Kristo, na mara nyingine kuifanya kazi hiyo risasi zikilia. Washiriki wengi wanawaona kanisani Jumapili, lakini hawajui siku zao zinavyokwenda. Kuna maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini. Kwa nini wanawatibu hata watu waliotushambulia? Kwa nini vita vikifika wao wanapanda ndege na sisi tunabaki? Maswali haya ni ya haki, na ni vizuri kanisa liyajibu bila kuyazungukazunguka.

Mama Luka wa Nebobongo

Mwaka 1953 daktari kijana kutoka Uingereza, Helen Roseveare, alifika kaskazini-mashariki ya nchi yetu, wakati ingali koloni la Ubelgiji. Alianzia Ibambi, na mwaka 1955 akahamia Nebobongo. Watu walimwita Mama Luka, kwa sababu Luka mwandishi wa Injili alikuwa mganga.

Mtu aweza kufikiri kwamba daktari wa misheni anashinda akipasua wagonjwa na kuhubiri. Lakini hospitali yenyewe ilikuwa bado kujengwa. Matofali yalipaswa kufyatuliwa na kuchomwa, na daktari aliingia katika kazi ya tanuru pamoja na wafanyakazi mpaka mikono ikachubuka. Kulikuwa na gari la kutengeneza, dawa za kuagiza, watoto yatima wa kulisha, wagonjwa wa ukoma wa kutunza. Juu ya hayo yote alifundisha vijana wa Kikongo uuguzi na ukunga, kwa maana aliona kwamba mikono yake miwili haitatosha.

Mwenyewe alisimulia habari ya mama aliyefariki akijifungua, akaacha kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati. Mtoto alihitaji joto, lakini mfuko wa mpira wa kutia maji moto ulipasuka, na hapakuwa na mwingine. Kesho yake msichana mmoja kati ya yatima aliomba Mungu alete mfuko mwingine siku ile ile. Mchana kifurushi kikafika kutoka Uingereza, kilichotumwa miezi mingi kabla, na ndani yake mlikuwa na mfuko wa maji moto. Tunaikumbuka habari hii kwa ajili ya maombi ya yule mtoto. Tuikumbuke pia kwa jambo lingine: kazi ya uganga mbali na miji inategemea vitu vidogo kama mpira, waya, kopo la mafuta.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika. Mama Luka alishikwa pamoja na wamisionari wengine kwa karibu miezi mitano. Alipigwa na kubakwa, jambo ambalo baadaye alilisema wazi mbele ya watu. Kijana mmoja mwanafunzi aliyejaribu kumkinga alipigwa vibaya sana. Aliokolewa mwisho wa mwaka ule, akarudi kwao. Mwaka 1966 alikuwa amerejea Kongo, akafundisha wauguzi Nyankunde mpaka mwaka 1973. Alifariki mwaka 2016.

Siku ya kazi inavyokwenda

Tangu siku za Mama Luka mambo mengi yamebadilika, lakini umbo la siku ni lile lile. Hospitali nyingi za makanisa huanza kwa ibada fupi. Kisha muuguzi wa zamu ya usiku anatoa ripoti: nani amezaliwa, nani amefariki, mifuko mingapi ya damu imebaki. Halafu madaktari na wauguzi wanazunguka vitandani, na baada ya hapo kila mtu anakwenda kwenye kazi yake.

Wakati wa amani kazi kubwa ni malaria, uzazi, watoto waliopungukiwa damu, ngiri, kifua kikuu. Wakati wa vurugu watu wanakimbia, lakini malaria haikimbii. Inawafuata mpaka kambini, na huko inakutana na surua na kipindupindu. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja barabara ifunguliwe. Anabebwa kwa kipoyi usiku, na wanaombeba hawajui watakutana na nani njiani.

Barabara ikifungwa, mafuta ya jenereta yanapanda bei au yanakosekana kabisa. Hapo ndipo mganga anapofanya hesabu ngumu: kuwasha taa za chumba cha upasuaji, au kuendesha mashine ya oksijeni ya mtoto mwenye nimonia? Na chanjo zinapaswa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Friji ikizimika siku nyingi, chanjo za eneo zima zinaharibika.

Jeraha la risasi nalo lina namna yake. Familia nyingi zinashtuka zikiona kidonda kimeachwa wazi baada ya upasuaji, na kuuliza: mbona hamkushona? Sababu ni hii. Risasi huingiza ndani ya mwili uchafu na vipande vya nguo, na kuua nyama iliyo karibu na njia yake. Ukishona siku ile ile, unafungia uozo ndani. Kwa hiyo mpasuaji anaondoa nyama iliyokufa, anaosha, anafunika kwa bendeji, na kwa kawaida anaangalia tena baada ya siku nne au tano. Kama ni safi, ndipo anafunga. Maana yake majeruhi mmoja anahitaji kupasuliwa mara mbili au zaidi, bendeji nyingi, na majuma ya uuguzi. Mpasuaji mgeni aweza kufanya sehemu yake kwa saa moja. Majuma yanayofuata ni ya muuguzi wa hapa, na ya shangazi anayelala chini ya kitanda ili ampikie mgonjwa.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi wengi kuliko nafasi yake. Wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walifanya kazi pale bega kwa bega na madaktari na wauguzi wetu. Wagonjwa walipozidi vitanda, kazi ya mwenye nyumba ndiyo iliyoongezeka zaidi.

Mlango mmoja kwa wote

Sasa swali la kwanza. Kwa nini wanatibu hata yule aliyetushambulia?

Tangu mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, mataifa yamekubaliana kwamba askari aliyejeruhiwa atatunzwa, awe wa upande gani. Hospitali hairuhusu bunduki kupita mlangoni, na aliyeiacha bunduki nje akalazwa ni mgonjwa kama wengine. Mtu wa silaha akija kuuliza nani yuko kitanda kipi, muuguzi hapaswi kumpa majina.

Sheria hii inawalinda hata wale walioumizwa bila kosa. Siku hospitali itakapochagua upande, upande mwingine utaiona kuwa kambi ya adui, na mtoto mwenye malaria atakosa pa kwenda. Kwa sisi Wakristo kuna neno zaidi: Msamaria hakumuuliza mtu wa njiani kabila lake kabla ya kushuka kwenye punda.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba mlango ulio wazi kwa wote unaheshimiwa na wote. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji walishambulia Nyankunde. Mamia ya watu waliuawa, wengine vitandani mwao, na hospitali kubwa ikaporwa na kuharibiwa.

Wanapoondoka

Swali la pili ni chungu zaidi, na historia ya Nyankunde inalijibu vizuri kuliko maneno yetu.

Daktari Carl Becker, Mmarekani, alifika Kongo mwaka 1929. Alifanya kazi miaka mingi Oicha, ambako maelfu ya wagonjwa wa ukoma walitibiwa. Mwaka 1964 uasi ulipokaribia, yeye na wenzake walilazimika kuondoka. Waliporudi, misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu na kujenga kituo cha Nyankunde, chenye hospitali na shule ya wauguzi, ili wagonjwa watibiwe na Wakongo wenyewe wafundishwe.

Miaka karibu arobaini baadaye, Nyankunde iliposhambuliwa, walionusurika walitembea kwa miguu kama kilomita 150 kupita msituni. Walifika wapi? Walifika Oicha. Watu waliofundishwa Nyankunde walikimbilia hospitali iliyoanzishwa zamani na Becker, na huko Oicha na Beni wakaendelea kutibu. Nyankunde nayo ilifunguliwa tena polepole. Majengo yaliungua, lakini ujuzi ulitembea kwa miguu ya watu.

Basi kwa nini wageni wanaondoka? Mara nyingine ni kwa sababu kukaa kwao kunaongeza hatari kwa wenyeji. Wanaotafuta mateka wanamfuata mgeni, na wanaomkuta karibu naye, yaani mlinzi, mpishi, muuguzi, ndio wanaoumia kwanza. Mara nyingine kanisa lililowatuma linaagiza warudi. Na wengine walibaki wakafa. Daktari Paul Carlson wa Wasolo, Mmarekani, aliuawa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, tarehe 24 Novemba 1964. Kuondoka si lazima iwe woga, na kubaki si kipimo cha pekee cha imani.

Lakini tuseme wazi: muuguzi wa Kikongo hana ndege inayomngoja. Mara nyingi mshahara wake umechelewa, nyumba yake iko karibu na mapigano, watoto wake wanalala chini ya kitanda, na asubuhi anavaa koti jeupe. Tukimwombea daktari mgeni kwa jina kila Jumapili, na huyu hatumtaji, tumemsahau mwenye nyumba kwa mara nyingine.

Sehemu yetu

Kwa hiyo makanisa ya mahali yafanye nini? Hatuhitaji mradi mkubwa ili kuanza.

Kwanza damu. Mtoto mwenye malaria kali na mama aliyejifungua wanaweza kufa mchana mmoja kwa kukosa damu, na damu hiyo inatoka kwa watu tu. Hospitali huipima kwanza virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Kikundi cha vijana wenye afya wanaojulikana hospitalini kinaokoa watu kuliko hotuba nyingi.

Pili chakula. Hospitalini kwetu mgonjwa analishwa na ndugu zake. Mkimbizi aliyetenganishwa na jamaa yake hana wa kumpikia. Umoja wa akina mama unaweza kupanga zamu ya sufuria.

Tatu ulimi. Katika Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Ugonjwa uliua, na uvumi ulisaidia. Watu waliambiwa kwamba waganga ndio wanaouleta ili wapate pesa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, alipigwa risasi na kufa ndani ya hospitali huko Butembo. Hatusemi kila anayerudia uvumi ameshika bunduki. Tunasema mshiriki anayesikia neno kama hilo sokoni, akanyamaza, ameacha mlango wa nyumba wazi kwa mwizi. Mchungaji na awaalike wauguzi wa zoni ya afya waeleze mbele ya kanisa, na watu waulize bila kuogopa.

Nne, vijana wa kufundishwa. Kanisa likichangia masomo ya muuguzi mmoja au mkunga mmoja, limeweka mahali pake kitu ambacho hakiporwi kwa urahisi.

Tuombe pamoja wiki hii:

Kwa ajili ya waganga waliotoka mbali, Bwana awape afya, lugha ya watu wetu, na hekima ya kujua saa ya kubaki na saa ya kuondoka.

Kwa ajili ya wauguzi, wakunga na walinzi wa hospitali zetu. Kila kanisa liwataje wa kwake kwa majina.

Kwa ajili ya wenye silaha, waache bunduki mbali na milango ya hospitali, na mwishowe waziache kabisa.

Na kwa ajili yetu wenyewe, majeruhi akiletwa mlangoni, akute nyumba ina watu. Amina.