Wimbi Lililoziba Mitaa ya Monaco

Barabara ya Mtwara kwenda Lindi ikifika Mikindani hupita kando kabisa ya ghuba, na dereva mgeni hujikuta akitazama maji kuliko lami. Kona ya Tabac mjini Monaco nayo iko hivyohivyo, ukingoni mwa bandari. Hapo ndipo magari ya mbio yaliporundikana tarehe 21 Mei 1950.

Bahari ndiyo iliyoanza. Wimbi lilivuka ukuta likalowesha barabara. Giuseppe Farina, aliyekuwa wa pili, alipofika na Alfa Romeo yake, tairi ziliteleza, gari likazunguka na kuziba njia. Waliomfuata hawakuona kitu mpaka wameshaingia kwenye kona. Mzunguko wa kwanza haujaisha, karibu nusu ya magari 19 yalikuwa hayana kazi tena. José Froilán González aliungua, lakini hakufa mtu.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata mita 28 kila sekunde, na sekunde nzima yaweza kupita kabla mguu haujagusa breki. Tairi za enzi hizo zilikuwa nyembamba, na madereva hawakufunga mikanda. Mtaani hakuna pa kukwepea.

Juan Manuel Fangio alikuwa anaongoza. Alipoikaribia kona hiyo kwa mara ya pili, aliona watazamaji wamegeuza nyuso kwingine. Kinara wa mbio asiyetazamwa! Akajua mbele kuna jambo, akakanyaga breki, akajipenyeza katikati ya magari yaliyovunjika, na mwishowe akashinda.

Kwetu Afrika Mashariki, Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, huachia magari moja baada ya jingine kwa kupishana muda, hivyo rundo la namna ile ni nadra. Huku maadui ni vumbi la aliyetangulia, ng'ombe na matope. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika saba tu.

Monaco haikukoma. Tangu 1997 magari ya kale hushindana tena katika mitaa ileile, na mengine thamani yake inatosha kujenga shule kadhaa. Mwaka 2021 Jean Alesi alikuwa akiongoza na Ferrari ya miaka ya 1970 alipogongwa kwa nyuma na Lotus ya Marco Werner, akaishia ukutani. Werner alivuka mstari akiwa wa kwanza, kisha waamuzi wakamwadhibu na ushindi ukaenda kwa mwingine.