Mazutu ya motokari ya koperative: tupime kwanza, kisha tupunguze

Ndugu wanamemba, mu mikutano ya koperative ulizo moja linarudia kila mara: mazutu yote ile inaenda wapi? Wengine wanasema motokari imezeeka, wengine wanamuangalia shofere. Bila kipimo hakuna anayeweza kujua, na jina la mutu linaweza kuharibika bure. Tena tukumbuke: kila lita inayochomwa inatoka ku bei ya mufuko wa mukulima.

Hesabu ya kitabu haitoshi

Wengine wanategemea hesabu iliyoandikwa mu kitabu cha motokari. Hesabu ile inapimwa ndani ya nyumba, magurudumu yakizunguka juu ya mashini, karibu bila muzigo, bila matope na bila mulima. Kipimo cha zamani cha Ulaya, kilichoanza kubadilishwa mu mwaka wa 2017, kilichukua dakika 20 tu na kilometa 11. Barabara zetu ni zingine kabisa.

Namna ya kupima

1. Jaza rezerwari mpaka juu, andika namba ya kilometa.
2. Fanya safari yote, kwenda na kurudi.
3. Jaza tena mpaka juu, ku stasioni ileile, motokari ikisimama pahali pa sawa. Lita ulizoongeza ndizo ilitumia.

Tutwae mufano. Toka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54, kwenda na kurudi 108. Kama muliongeza lita 16: 16 mara 100, gawanya na 108, ni karibu lita 15 kwa kilometa 100. Musipime njia ya kwenda peke yake. Butembo iko juu kuliko Beni, kwa hiyo kurudi kunakula mazutu kupita kwenda. Pimeni safari tatu ao ine mbele ya kusema neno.

Muhesabu kwa mufuko pia

Kama motokari ilipeleka mifuko 20 na kurudi mutupu, lita 16 gawanya na 20, kila mufuko ulikula lita 0,8. Kama ingerudi na mifuko 20 ya bidhaa na kutumia lita 18, mifuko ni 40, kila mumoja lita 0,45. Mazutu imeongezeka kidogo, lakini gharama ya mufuko imeshuka karibu nusu. Kwa hiyo, mbele motokari haijaondoka, tafuteni muzigo wa kurudi. Lakini musipitishe uzito ambao motokari inaruhusiwa kubeba.

Mambo ya kupunguza mazutu

- Pimeni hewa ya magurudumu kila juma, asubui yakiwa baridi. Gurudumu lenye hewa kidogo ni nzito kuvuta, tena linaisha mbio.
- Mu kipwa, vumbi inaziba filtri ya hewa. Muichunguze mara kwa mara, muibadilishe kama imechoka.
- Mukipakia mifuko, zimisheni motere. Motere inayonguruma bure saa nzima inaweza kula nusu lita ao zaidi.
- Shofere aende polepole, bila kukanyaga kwa nguvu na kufunga freni kila mara. Aangalie mbele.
- Ku mutelemko, asitoe vitese ili "kuchunga mazutu". Ukiacha vitese ndani na kutoa muguu ku akseleratere, motere haipati mazutu, ama inapata kidogo sana. Ukitoa vitese, inaendelea kula, na freni zinapata moto mpaka zinaweza kukataa. Hapo ni maisha ya watu.

Daftari moja kwa wote

Andikeni kila safari: tarehe, kilometa, lita, mifuko, hali ya barabara. Daftari lisomwe mu mukutano, shofere akiwa pale. Kama lita zinapanda na njia ni ileile, angalieni kwanza mvua na matope, hewa ya magurudumu, freni zinazokamata, na rezerwari kama haivuje. Kama hayo yote ni sawa, basi ulizeni juu ya bido. Hivi shofere mwaminifu atalindwa na hesabu, na mukulima atajua makuta yake ilienda wapi.